Naenda Norwei na ilimba yangu: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma sanaa za maonyesho hapa Bagamoyo, mwaka wa pili. Kwetu ni Dodoma. Napiga ilimba, ala yetu Wagogo ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, na ngoma za muheme, naimba na kucheza. Nimechaguliwa kwenda Norwei kwa miezi kumi kuanzia Agosti, katika mpango wa kubadilishana wanafunzi. Sijawahi kuvuka mpaka, hata ndege sijapanda. Kila mtu ananishauri lake: huyu beba unga, yule jifunze Kinorwei, mwingine nunua koti zito. Imebaki miezi minne. Nianzie wapi, na nibebe nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Nimewasindikiza wanafunzi wengi uwanja wa ndege, na mimi mwenyewe niliwahi kuondoka nikiwa na umri kama wako, ngoma begani. Nitakujibu kama ambavyo ningependa kujibiwa siku zile. Unga na koti tutavifikia. Lakini ukiniuliza uanzie wapi, nakwambia anzia Dodoma. Nenda nyumbani kwanza, ukae wiki nzima na waliokufundisha kuimba.

Sababu ni hii. Hapa kwetu ukipiga ilimba hakuna anayekuuliza kwa nini umeipiga hivyo. Umekulia ndani yake. Kule utaulizwa kila siku, darasani, mezani, jukwaani, na watu wanaouliza kwa nia njema kabisa. Wanafunzi wetu hawashindwi kupiga. Hushindwa kueleza wanachokipiga. Na anayeshindwa kueleza, wengine humweleza wao, wanavyojua wao.

Nikupe mfano utakaokutana nao, pengine wiki ya kwanza tu. Mtu atakaa kwenye piano, atakuomba upige sauti za ilimba moja moja, naye azitafute. Moja ataikosa. Iko katikati ya funguo mbili. Atakwambia kwa upole kwamba ala yako imelegea, labda kwa ajili ya safari. Nimemwona kijana wetu, mpigaji hodari, akachukua nyundo palepale akaanza kusogeza vyuma ili vifuate piano. Ilimba ile alitengenezewa na babu yake. Iliniuma, na nikikumbuka bado inaniuma. Tafadhali, usiguse chuma hata kimoja.

Jibu lake ndilo hili, na ulijue kama unavyojua jina lako. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya sauti za asili za uzi. Chukua zeze ulipige taratibu. Uzi haukupi sauti moja tu. Ndani yake zimo nyingine ndogo ndogo, za uzi uliogawanyika nusu, theluthi, robo na kuendelea. Sauti ya uzi uliogawanyika sehemu 7 haimo kwenye piano. Iko chini ya ufunguo wa jirani kwa karibu theluthi ya nusu-toni, yaani ya hatua kati ya ufunguo mmoja na unaofuata, kwa kuwa piano ya leo imekata oktavu, toka sauti hadi inapojirudia juu, vipande 12 vilivyo sawa, na uzi haujikati hivyo. Wazee wetu waliisikia sauti ile, wakaipenda, wakaitungia nyimbo za sauti nyingi zinazopishana. Kwa hiyo ilimba yako haijalegea. Mwambie mwenzako anayepiga selo, ile fidla kubwa ya kukaa nayo magotini, apige uzi wake mnene huku akiugusa kwa kidole, bila kuukandamiza, kwenye sehemu ya saba ya urefu wake. Sauti itatoka palepale, kwenye selo yake mwenyewe. Utaona uso wake utakavyobadilika.

Lifanyie mazoezi jibu hilo kwa Kiingereza, dakika mbili, mpaka ulimi uzoee. Kinorwei utajifunzia hukohuko. Wanorwei wengi wanakijua Kiingereza vizuri, na madarasa mengi ya wageni hufundishwa hivyo.

Sasa Dodoma ukafanye nini? Beba daftari. Kwa kila wimbo unaotaka kuupeleka, waulize wazee mambo matatu: nani huuimba, huimbwa wakati gani, na je, unaruhusiwa kuimbwa mbele ya watu wasiohusika. Hilo la tatu usilipite haraka. Zipo nyimbo za unyago ambazo mwanamke anafundishwa na wanawake wenzake, na hazikutungwa kwa ajili ya watazamaji walionunua tiketi. Wewe unayepiga muheme, ngoma ambayo mwanamke huibana mapajani, utaombwa sana uonyeshe “kitu cha ndani kabisa”. Jua mapema kipi utakitoa na kipi kinabaki nyumbani. Kusema “huu hatuimbi jukwaani” ni jibu kamili, na mwalimu mwenye heshima atakushukuru kwa kumwambia.

Watu wakikuuliza ni nani mwingine aliyepita njia hii, wasimulie habari za marehemu Hukwe Zawose, Mgogo mwenzako, aliyeishi na kufundisha hapo hapo Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003. Aliipeleka ilimba na zeze kwenye majukwaa makubwa ya dunia, akarekodi Uingereza, naye aliimba kwa Kigogo. Kabla yake, mwaka 1928, Siti binti Saad na wenzake walipanda meli kutoka Unguja hadi Bombay kwenda kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Huendi peke yako.

Tuje kwenye ala. Ngoma kubwa ya muheme iache. Vyuo vingi vya Ulaya vina ngoma za Afrika Magharibi na nyingine. Hazitakuwa sawa na zako, lakini zitakufaa kwa mazoezi. Ukiweza, beba moja ndogo. Ilimba ipande nawe ndani ya ndege. Andikia shirika la ndege mapema, uwatajie urefu, upana na uzito wake, na majibu yao uyachapishe kwenye karatasi, kwa sababu anayekupokea kaunta si yule aliyekujibu barua. Kwenye mashine ya ukaguzi ilimba huonekana kama sanduku lenye vyuma vingi vilivyopangwa, na watakusimamisha. Usiogope wala usikasirike. Iombe mwenyewe, uipige kidogo. Sijaona mkaguzi aliyeendelea kukunja uso baada ya hapo.

Kuna kitu kidogo ambacho wengi hukisahau: ule utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu la ilimba, unaoleta mvumo. Hewa kavu huupasua. Mwombe aliyekutengenezea ilimba akufungie vipande vya akiba, uviweke katikati ya kurasa za kitabu. Vikiisha, kipande cha karatasi ile nyepesi ya kusokotea sigara husaidia, ingawa mvumo wake ni mkavu zaidi.

Ngozi ndiyo yenye mambo mazito. Kwanza, angalia ngoma, mavazi na mapambo yako yametengenezwa na nini. Ngozi ya mbuzi au ng'ombe haina shida kubwa ikiwa imekauka vizuri, imesafishwa, na ina cheti kutoka kwa daktari wa mifugo. Kenge na chatu ni habari nyingine: jamii zote za kenge zinalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na huvuki nao bila vibali. Usinga wa mkia wa nyumbu, miba ya nungu, manyoya, kucha na pembe za wanyama wa porini, vyote hivi kwa sheria zetu ni nyara za Serikali. Ukikutwa navyo bila kibali hutafika hata kwenye ndege. Kesi yako itaanzia hapa Dar. Usiseme “ni vazi la ngoma tu”. Vaa njuga, shanga na kaniki, usinga utengeneze wa katani.

Na maofisa wa kule wakikuuliza sana juu ya ngozi, wasikilize, wana sababu. Mwaka 2006 New York, na tena 2008 London, watengeneza ngoma waliugua kimeta baada ya kufanya kazi na ngozi za wanyama, na yule wa London alifariki. Vijidudu vya kimeta hukaa kwenye ngozi miaka na miaka. Sisi wenyewe tuliozaliwa kwenye mifugo tunakijua kimeta.

Sasa nikueleze kosa langu. Hapa ngoma ikilegea kwa unyevu tunawasha moto wa makuti, tunaizungusha juu ya moto huku tukiigonga kwa kidole hadi ilie. Kule huwezi kuwasha moto ukumbini. King'ora kitalia na jengo zima litatolewa nje. Mimi nikaona kuna hita ukutani, nikashukuru Mungu. Nikaiegemeza ngoma yangu hapo jioni nikaenda kulala. Usiku nikasikia mlio kama bunduki. Asubuhi ngozi ilikuwa imechanika kutoka ukingo hadi ukingo, na ubao umeachia ufa unaopitisha kucha. Sikujua kwamba wakati wa baridi hewa ya ndani ya nyumba zao, kwa sababu ya kupashwa joto usiku na mchana, ni kavu kuliko Dodoma ya mwezi wa kumi. Ngoma yako, hasa ile ya kupigiliwa vigingi isiyoweza kulegezwa, haitataka kukazwa, itataka unyevu. Iweke mbali na hita na dirisha, uifunike kwa khanga, na kikombe cha maji karibu yake. Nunua kipimo kidogo cha unyevu, ni bei rahisi. Kikisoma kati ya asilimia 40 na 60, ala za mbao na ngozi zinapumua vizuri. Kikishuka chini ya 30, chukua hatua siku hiyohiyo. Hata ubao wa ilimba nao hupasuka.

Karatasi zisikulie muda wako wote, lakini zianze wiki hii. Kwa miezi kumi haitakufaa viza ya kawaida ya Schengen, ile ya kutembelea nchi nyingi za Ulaya, maana mwisho wake ni siku 90. Unahitaji kibali cha kuishi kwa ajili ya masomo, na hicho huchukua wiki nyingi. Pasipoti kwanza. Ukishafika, ndani ya siku 7 uwe umeshachukua miadi na polisi kwa ajili ya kadi yako. Utatakiwa pia kupimwa kifua kikuu, maana mtu anayetoka nchi yenye ugonjwa huo kwa wingi na kukaa zaidi ya miezi mitatu anapimwa. Usilichukulie kama dharau. Chanjo ya homa ya manjano na kadi yake beba, hata kama Norwei hawaiulizi. Ukirudi kwa kupitia Addis Ababa au Nairobi na kungoja uwanjani saa 12 au zaidi, utaulizwa hapa nyumbani. Na chuo chako kikusaidie kufuatilia kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kwa sababu utafanya maonyesho, hutasoma tu.

Kuhusu pesa, omba barua inayosema kwa maandishi nani analipa tiketi, bima, chumba, na posho ya mwezi inaingia tarehe ngapi. Wengi huambiwa “usijali, kila kitu kimepangwa”. Kimepangwa kweli, lakini akaunti ya benki kule haifunguliwi mpaka upate namba ya utambulisho, na hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa. Uwe na fedha taslimu za kukutosha mwezi mmoja wa chakula na nauli. Kama familia itabidi ichange, wachange kwa hilo.

Bado niko kwenye maandishi. Utarekodiwa sana, kuliko unavyofikiri. Nilipokuwa mwanafunzi ughaibuni, mahali fulani tuliimba wimbo wa mavuno darasani, wakawasha vinasa sauti, tukafurahi. Miaka mitatu baadaye rafiki akanitumia kanda iliyokuwa inauzwa dukani. Sauti ya kwanza ni yangu. Kwenye jalada pameandikwa “wimbo wa asili, Tanzania”, basi, hakuna jina la mtu hata mmoja kati yetu tisa. Nilimpigia mama aliyetufundisha wimbo ule nikashindwa kumwambia. Kwa hiyo kila wakitaka kukurekodi, uliza kabla: ni kwa matumizi gani, itawekwa wapi, na majina yataandikwaje. Barua fupi yenye sahihi inatosha. Andika jina lako, jina la kijiji, na la aliyekufundisha. Kabla hujaondoka pita COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, uwaulize kuhusu haki za nyimbo ulizotunga mwenyewe. Hakuna atakayekuona mkorofi. Wao wenyewe hawarekodiani bila karatasi.

Halafu kuna saa. Hili linachekesha hadi likukute. Sisi tunahesabu kutoka jua linapochomoza, wao kutoka usiku wa manane. Ukiandikiwa mazoezi saa 10:15, hiyo ni saa nne na robo asubuhi yetu, si saa kumi na robo jioni. Dada mmoja niliyemfundisha alikosa mazoezi mawili ya kwanza kwa sababu hiyo tu, na kundi likamhesabu mvivu. Weka simu yako kwenye saa 24 leo, ukiwa bado nyumbani, uizoee. Vyuoni kwao vipindi vingi huanza robo saa baada ya saa kamili, lakini mazoezi ya jukwaani huanza kwenye dakika iliyoandikwa, na kuanza maana yake ala imeshafunguliwa na mwili umeshapashwa moto.

Kwa hiyo mwili nao uuandae. Sisi hupata moto kwa kucheza. Tukianza taratibu, misuli inafunguka yenyewe kwa joto la hewa. Kule ukianza hivyo utachanika nyama ya paja kabla ya mwezi kwisha. Jizoeze kuanzia sasa dakika 20 za kuamsha viungo kabla hujagusa ngoma. Miguu peku kwenye sakafu baridi inauma nyayo. Soksi nene hadi dakika ya mwisho. Vidole gumba vitapasuka kwa ukavu, na ilimba hupigwa kwa gumba, hivyo paka mafuta mazito usiku, si kabla ya kupiga. Maji ya kunywa muda wote, kwa ajili ya koo.

Desemba, kusini mwa Norwei, jua huonekana kwa saa sita hivi, kuanzia karibu saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu. Kaskazini zaidi halichomozi kabisa. Nakwambia wazi kwa sababu mimi sikuambiwa: utachoka bila kazi, utalia bila sababu, utadhani umerogwa. Ni giza. Wanorwei wenyewe hunywa mafuta ya ini la samaki kwa ajili ya vitamini D, nasi wenye ngozi nyeusi tunaihitaji zaidi. Mwone daktari wa chuo mwezi wa kumi, usingoje Desemba. Toka nje mchana hata kama kuna mvua. Na wapigie nyumbani siku maalumu kila wiki, si kila unapolia, ili mama asiwe anaogopa kila simu inapoita.

Hakuna shikamoo kule. Profesa mwenye mvi atakwambia umwite kwa jina lake tupu, na kwa binti wa Dodoma ulimi utagoma. Mimi nilimaliza wiki tatu bila kumwita mwalimu wangu kitu chochote. Mwite hivyo anavyotaka. Ndiyo heshima anayoijua. Atakuuliza mbele ya wote, “Wewe umeionaje kazi hii?” Ukiinamisha macho kama tulivyofundishwa mbele ya mkubwa, ataandika kwamba huna maoni. Sema, hata sentensi mbili. Na usidhani jirani anakuchukia kwa kuwa hakusalimii kwenye ngazi. Gonga mlango wake jioni moja na sahani ya maandazi.

Unga beba kilo mbili kama utakutuliza, ila nyama na maziwa usijaribu, vitachukuliwa forodhani. Mahindi ya kusaga na ndizi za kupika hupatikana kwenye maduka ya wahamiaji katika miji mikubwa.

Na koti. Usinunue jipya. Nenda Dar, soko la mitumba la Karume pale Ilala, mapema marobota yanapofunguliwa. Makoti mazito hutoka hukohuko Ulaya, na kwa sababu hapa hakuna anayeyataka, bei yake haifiki hata ya gauni. Chagua linalozuia mvua, maana pwani ya Norwei mvua ni nyingi kuliko theluji. Vuta zipu mara kumi. Livae juu ya sweta, kisha chuchumaa palepale kati ya wauzaji, banisha magoti kama umeshika muheme, na upige. Likikubana mabegani, rudisha, jaribu jingine.

Barua ya kibali ikishatoka, niandikie tena.